Kati ya Gari la Deo na Gari la Sudi

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema sasa mzee atapumzika. Ahsanteni. Saa inakwenda dakika nne mbele na sijaigusa, maana nimeapa sitafungua tena kitu chochote chenye skrubu. Lakini kabla keki haijakatwa mliniuliza kwa nini naacha kazi wakati mikono bado ina nguvu, nami nikasema ni magoti. Magoti yanauma kweli, ila hilo halikuwa jibu. Jibu ni refu, na kwa kuwa ninyi mnaendelea na kazi ile ile niliyoiacha, nimeona niliandike.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga. Watu wa Lindi wananiita Issa Breki na wanadhani nilichagua breki kwa kupenda. Nilizichagua kwa hofu. Wengine hulala wakiwaza watoto wao. Mimi kwa miaka yote hii nimelala nikiwaza magari ya watu yakiteremka milima.

Nilianza kazi enzi barabara ya Kilwa ikiwa vumbi kiangazi na tope masika, na safari ya kwenda Dar ukiianza hujui utaimaliza siku gani. Nilitoka Mchinga nikiwa na viatu vya kuazima, nikapokelewa gereji pale Lindi mjini na fundi aliyeitwa Anselimu. Alikuwa Mmatumbi wa Kipatimu, Mkatoliki asiyekosa misa, na ufundi aliupata kwenye karakana ya misheni. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipandisha kwenye lori bovu, akaniambia nikanyage pedeli ya breki.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Basi kanyaga mpaka usikie."

Nilikanyaga hadi adhuhuri. Mguu ulipoanza kutetemeka ndipo nikaanza kuhisi: pedeli inashuka kidogo, inagota, halafu taratibu inazama tena kama mtu anayesinzia. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo ya kuzama ndiyo inayoua. Injini ikikataa, abiria anachelewa. Breki zikikataa, anawahi." Hakucheka, nami sikucheka.

Mwezi ule ule tuliitwa kufuata lori lililoshindwa kusimama kwenye milima ya kwao, likitoka Kipatimu na machungwa. Tulipofika, machungwa yalikuwa yametapakaa bonde zima, na watu wa jirani wanayaokota kimyakimya. Dereva alikuwa mzima. Amekaa pembeni ya barabara, macho yametulia, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba bado ameshika usukani. Anselimu akapiga magoti, akamshusha mikono mmoja mmoja kama mtu anayemvua mgonjwa shati. Utingo wake alikuwa amefunikwa kanga. Tangu siku ile sijawahi kufunga boliti ya breki bila kuiona mikono ya yule mtu.

Anselimu alinifundisha mambo mengi ambayo nimewafundisha ninyi, kwa hiyo sitayarudia yote. Nitarudia moja. Ukifunga mpira wa breki mpya, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu la mbele, usiamini macho yako gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi. Gari likiwa juu, gurudumu linaning'inia na kila kitu kina nafasi. Lishushe chini, likae kwa uzito wake. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Mtu mzito akae kwenye bodi juu ya gurudumu. Halafu paka chaki kwenye mpira, lizungushe gari uwanjani, urudi uangalie tairi. Tairi likiwa na chaki, mpira unaguswa. Mpira unaoguswa leo, kesho umekwisha. Kazi hiyo ni ya robo saa, na inachafua nguo. Mnajua nilivyokuwa nawapigia kelele kuhusu chaki.

Anselimu alifariki akiwa kwao, nami nikabaki na breki za Lindi nzima. Mabasi, malori ya korosho, magari ya serikali, ambulansi. Nikayapitia yote bila mtu kufa kwa mkono wangu, na kila mwaka ulipokwisha nilishukuru Mungu kwa hofu, kama mtu anayevuka mto na ng'ambo haionekani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mnamjua Rajabu, mnunuzi wa ufuta. Alizaliwa Rutamba, akalima huko na baba yake, akaondoka, na aliporudi alirudi na ghala. Ni mtu mwungwana. Hajawahi kupita mbele yangu bila shikamoo, hata siku nilizokuwa nimelala chini ya gari na kinachoonekana ni miguu tu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: tangu utotoni alitaka gari la mbio. Mwaka huu aliamua kununua, na akanitafuta.

"Mzee Issa, magari yapo mawili," akaniambia. "Bei niachie mimi. Wewe niambie lipi halitaniua."

Ningemjibu papo hapo kwamba mguu wake mwenyewe ndio wa kuuliza. Nikamwambia ayalete.

La kwanza lilikuwa la Deo. Deo si mgeni kwenu, kijana wa Kimakonde wa miaka thelathini na kitu, aliyefanya kazi Dar akarudi kufungua kibanda chake kule Mitwero. Alinunua gari dogo la spoti, la milango miwili, la kawaida kabisa, akakaa nalo miaka mitatu akilibadilisha. Aliliongezea turbo. Akalishusha kwa springi fupi. Akaling'oa viti vya nyuma liwe jepesi, akalivisha rimu pana na matairi mapana. Breki zenyewe alizileta kwangu. Diski kubwa, pedi mpya, na mipira minne mipya, niliifunga mimi wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia.

La pili lililetwa na dalali mmoja wa Dar aitwaye Sudi. Hilo lilikuwa gari la mbio la kiwandani, lile ambalo vijana wanaliita supakaa. Jekundu, pana kama kitanda, na kimo chake hakikunifika kiunoni. Injini iko nyuma ya viti, na usukani uko kushoto. Sudi alisema halijaguswa hata skrubu moja tangu litoke kiwandani. Alilisema hilo mara nyingi sana, mpaka nikaanza kujiuliza kama basi hata mafuta ya injini hayajaguswa.

Waliyaleta yote mawili gereji asubuhi moja. Watu walijaa. Deo alinisalimu, akasimama karibu na gari lake kama mzazi aliyempeleka mtoto kufanya mtihani. Sudi akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo.

"Hapa hakuna mjadala, mkubwa," akamwambia Rajabu. "Hili limepimwa na wahandisi mia moja. Lile limepimwa na mtu mmoja chini ya bati."

Deo hakukasirika. "Ni kweli, bosi. Ila hilo likiharibika Kiranjeranje utawapigia simu wale mia moja. Langu, mimi nitakuja na pikipiki."

Watu wakacheka. Rajabu akaamua tuyajaribu yote, kutoka Lindi mpaka Kitomanga na kurudi, maana hiyo ndiyo njia yake ya kila wiki kuelekea minada ya Kilwa. Yeye ataendesha, mimi nitakaa pembeni. Magari yote yalikuwa ya watu wawili, kwa hiyo wenyewe wangetusubiri.

Tulianza na la Sudi. Kuingia tu kulinichukua muda, nikajikuta nimelala, makalio yapo karibu na lami kuliko nilivyowahi kukaa bila kuanguka. Na kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, mimi abiria nikawa upande wa katikati ya barabara. Malori yanayokuja yalinipita sikioni. Niliona matairi yao juu ya kichwa changu. Kwenye matuta Rajabu alilipitisha kwa mshazari, polepole, na bado tumbo la gari likawa linakwaruza mpaka meno yanauma.

Baada ya Mchinga tukakuta lori la chumvi mbele. Rajabu haoni kitu kutoka kushoto.

"Mzee Issa, pako wazi?"

Hebu fikirini. Miaka yote nimejificha chini ya magari ili nisiulizwe swali kama hilo. Nikachungulia. Nikachungulia tena.

"Pako wazi?"

"Pako wazi," nikasema.

Akakanyaga. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amenisukuma kifuani kwa mikono miwili, na lori likawa liko nyuma, na kilima kilichokuwa mbali kikawa hapa. Rajabu alicheka kama mtoto. Mimi nilikuwa nasoma dua ya safari, naifikisha katikati naisahau, naianza tena. Aliposhika breki, lilisimama kwa namna ambayo sijawahi kuihisi, bila kuyumba, bila mlio. Kama fundi, niliona wivu.

Tuliporudi, taa moja ya njano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, yenye alama nisiyoijua. Nikamuuliza Sudi.

"Aa, hiyo taa ya kawaida, mzee."

"Taa ya kawaida ni ile iliyozimika," nikamwambia. Nikataka kulipima kwa kile kifaa chetu cha kusoma hitilafu. Kifaa kikafikiri kwa muda mrefu, kikaandika kwamba hakilitambui gari. Nililala chini na tochi: kila kitu kimefunikwa na sahani za plastiki, hakuna pa kuingiza kidole. Nikainuka nikiwa sijui chochote, na hofu ya kutojua ni mbaya, mnaifahamu.

Baada ya sala ya adhuhuri tukachukua la Deo.

Lilikuwa na kelele, gumu kwenye mashimo, na harufu ya petroli kidogo. Lakini niliketi wima, na kila sauti niliyoisikia nililijua jina lake. Kwenye matuta lilipita bila kubembelezwa sana. Kwenye kilima turbo ilipoita, lilikwenda vizuri mno. Rajabu akanigeukia, akasema, "Hili lina roho." Tulifika Kitomanga, tukanywa maji, tukageuza. Nilikuwa nimeshaamua moyoni. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia achukue la Deo.

Kati ya Kitomanga na Mchinga kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye nyumba chache. Tuliuanza kwa kasi, si ya kutisha. Chini kulikuwa na basi limesimama, nusu lipo barabarani, linashusha watu. Mama mmoja aliyeshuka alikuwa ameangusha beseni, ameinama katikati ya lami anaokota mihogo. Rajabu akashika breki mapema, kama mtu mwenye akili. Gari likapungua. Akakata kulia kulikwepa basi, akakanyaga tena, nami nikasikia mlio mdogo kama mtu amepasua ganda la ukwaju.

"Mzee! Hakuna kitu! Inazama!"

Niliutazama mguu wake. Pedeli ilikuwa chini kabisa.

"Usiachie! Kanyaga tena! Kanyaga, kanyaga! Shusha gia!"

Magari ya siku hizi breki zake zimegawanywa njia mbili, moja ikipasuka nyingine inabaki. Nilijua hilo. Kulijua hakukunisaidia kitu. Mkono wangu ukaivuta breki ya mkono kidogo, nikaachia, nikavuta, maana ukiivuta yote kwa mara moja gari linageuka. Rajabu akashusha gia, injini ikapiga kelele. Yule mama akainua kichwa. Niliuona uso wake wazi, mpaka chunusi iliyokuwa karibu na nyusi. Hakukimbia. Alibaki ameshika mhogo, anatutazama, nasi tukampita upande wa kulia kwa kiasi ambacho ningeweza kumgusa bega, tukaingia kwenye majani, tukasimama kwenye mchanga.

Kisha yule mama akauliza, si kwa hasira, "Nyie mnawahi wapi?"

Rajabu alishuka akatapika. Mimi nikashuka, nikaenda moja kwa moja gurudumu la mbele la kushoto, nikapiga magoti. Mafuta ya breki yalikuwa yanadondoka. Nikaingiza kidole nyuma ya tairi nikaupata mpira. Upande mmoja ulikuwa laini kama wembe umeupitia, umelika mpaka ndani, na hapo ulipolika ndipo ulipopasuka. Tairi pana la Deo, kwenye gari lililoshushwa, lilikuwa linaugusa kila usukani unapokatwa sana na gari linapozama kwenye shimo.

Nilikumbuka kila kitu papo hapo. Ilikuwa Ijumaa. Nilifunga ile mipira gari likiwa juu ya stendi, nikatazama, nikaona ina nafasi. Magoti yalikuwa yananiuma na adhana ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikajiambia nikirudi msikitini nitalishusha, nitapaka chaki. Niliporudi Deo alikuwa ameshalishusha mwenyewe, anashukuru, ana haraka ya kwenda kulijaribu. Nikamwacha aende.

"Nini, mzee?" Rajabu aliuliza nyuma yangu.

"Mpira umepasuka."

"Yule kijana alitaka kuniua," akasema. "Gari la kuchezeachezea hili. Sudi alisema."

Nami nikanyamaza. Naomba mlisome hilo mara mbili, kwa sababu ndilo lililonileta kwenye karatasi hii. Mdomo ulikuwa wangu, maneno yalikuwepo, na nikanyamaza. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mteremko. Kwenye mteremko niliogopa kufa. Pale niliogopa kuendelea kuishi nikiwa si Issa Breki.

Dereva wa Rajabu alitufuata na pikapu. Njia nzima sikusema. Tulipofika gereji, Rajabu alimwendea Deo mbele ya watu, akamwambia maneno ambayo mtu mwungwana huyasema mara moja tu maishani. Alimwita muuaji. Sudi alisimama kando, anatikisa kichwa kwa huzuni iliyomkaa vizuri. Deo akaniangalia. Alikuwa anajua nani alifunga mipira ile. Kila fundi pale alikuwa anajua. Nikasubiri aseme, na nikiri kwamba nilitamani aseme, ili nisiseme mimi.

"Gari ni langu, bosi," Deo akasema. "Lawama ni yangu. Nisamehe." Akachukua kamba na pikipiki, akaenda kulifuata.

Nikaenda nyumbani. Mke wangu, Mama Halima, aliniwekea ugali na kisamvu, nami nikautazama.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umefanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amesimama na bakuli la maji ya kunawa. Nilipomaliza hakunifariji. Alisema, "Baba Halima, huyo mama wa mihogo angekufa, ungekwenda kumwambia nani? Sasa yuko hai, na bado huwezi kusema?"

Alasiri ilikuwa haijaisha. Nikatembea mpaka ghala la Rajabu. Nilimkuta na Sudi, wanakunywa soda, funguo za gari jekundu ziko juu ya gunia la ufuta. Walikuwa wameshapeana mikono.

"Rajabu, nina neno."

"Karibu, mzee, kaa."

"Nitasimama. Ule mpira uliopasuka niliufunga mimi. Haukupimwa gari likiwa chini. Kosa si la Deo wala si la gari lake. Ni langu, na nililijua tangu pale barabarani."

Sudi akaweka chupa chini.

"Ulikuwa umekaa pembeni yangu," akasema Rajabu. "Ungekufa na mimi."

"Ningekufa na wewe."

"Na tukarudi Lindi gari moja, ukaniacha nimtukane yule kijana?"

"Ndiyo."

Alisimama, akazunguka gunia, akarudi. "Basi nichagulie sasa. Kwa haki."

Nikamwambia ninavyoamini, ingawa siku hiyo nilikuwa sistahili kuulizwa. Gari la Deo lilikuwa na kosa moja, na kosa hilo lilikuwa langu. Ukiliondoa, ni gari zuri ambalo kila boliti yake ina mtu wa kuijibia hapa hapa. Gari la Sudi ni zuri zaidi, na linasimama vizuri kuliko gari lolote nililolijua, lakini lina taa ambayo hakuna mtu Lindi anayeweza kuisoma, na halikutengenezwa kwa njia yetu. "Mimi naliogopa zaidi lile nisiloliona ndani," nikasema.

Rajabu akatikisa kichwa polepole. "Umesema kweli, mzee, na nakuamini. Lakini mguu wangu umeshaikariri ile pedeli. Nikilikanyaga gari la Deo miaka kumi ijayo, nitakuwa nasubiri lizame."

Akachukua funguo zilizokuwa juu ya gunia.

Wengi mmeliona hilo gari. Bado analo. Lina uwezo wa kumpita mwewe, na kwenye matuta ya Mitwero linapitwa na bajaji. Ile taa ya njano aliibandika utepe mweusi ili asiione. Ameniambia mwenyewe. Kila nikilisikia linapita nasimama mpaka mlio wake umalizike, na nikishindwa kuusikia ukiisha vizuri silali usingizi mzuri.

Kutoka ghalani nilikwenda kwa Deo. Alikuwa amepata lori la kulivuta gari mpaka kibandani, ameketi juu ya tairi, mikono imejaa mafuta. Nilimwambia nimeshamweleza Rajabu, na kwamba hata hivyo amechukua gari la Sudi.

"Kwa nini hukusema pale, Deo?"

"Ningesemaje, mzee? Nilileta breki kwako kwa sababu ya jina lako. Nikilivunja, mimi nimebaki na nini?"

Nikamwomba radhi. Aliitikia kwa adabu, na adabu yake ilikuwa baridi, na alikuwa na haki. Nikamwomba jambo moja zaidi: anipe ruhusa tulirudie lile gurudumu pamoja, yeye afunge, mimi niangalie.

Ilipita wiki kabla hajaniita. Alifunga mpira mpya, akaupitisha njia ndefu zaidi ya nyuma na kuubana kwa kishikizo. Tukalishusha. Nilikaa juu ya gurudumu, yeye akakata usukani kulia na kushoto. Akapaka chaki bila mimi kumwambia, akazunguka uwanja mara nyingi kuliko ambavyo ningezunguka mimi. Akaangalia tairi. Kisha akaniita niangalie, na macho yangu hayakuona vizuri, nikalazimika kupapasa. Hapo nilijua kwamba siku ya Ijumaa ile, hata kama ningepaka chaki, sina hakika ningeiona. Hilo sikuwahi kumwambia mtu mpaka leo.

"Twende," akasema Deo.

Nilijua anapokwenda. Tulipanda mpaka juu ya ule mteremko, asubuhi, barabara tupu. Nilikaa pembeni, na kabla hajaondoa gari mkono wangu ulikuwa umeshaikamata breki ya mkono. Nilijaribu kuutoa. Haukutoka.

"Mzee, toa mkono."

"Teremka hivyo hivyo."

Akateremka. Chini penye zile nyumba akakanyaga kwa nguvu zote, usukani ameukata kulia, na gari likang'ata lami likasimama. Mhogo mmoja ungeweza kulala mbele yake usiguswe. Deo akashusha pumzi.

"Zimeshika."

"Rudi juu," nikamwambia. "Tuteremke tena."

Tuliuteremka mara saba. Hakulalamika. Mara ya saba ndipo vidole vikafunguka, kimoja kimoja, nikauweka mkono mapajani, nikamwambia anirudishe mjini. Jumatatu yake nilikwenda ofisini kwa bosi wetu, nikaweka ufunguo wa gereji mezani.